Komeo la Daraja la Sokoni

Nianze na miguu yangu, maana mambo yote yalianzia hapo. Miguu yangu iko sawa. Imepimwa. Mwalimu mwenyewe aliipima kwa rula ya darasani siku nilipomwambia siwezi kusimama mstarini kwa kuwa mguu wa kushoto ni mfupi. Akakuta iko sawasawa, akanicharaza viwili, kimoja kila mguu, isije ikaonekana kaupendelea mmoja.

Lakini kwa fundi wa daraja nilikuwa na mguu mfupi tangu siku ya kwanza. Yeye ni Mnyamwezi, mimi Mluguru, na kwa Mnyamwezi kila Mluguru ana mguu mmoja mfupi: kazaliwa kwenye mteremko, analima kwenye mteremko, analala kwenye mteremko, basi mguu wa upande wa juu hauna kazi, unadumaa.

"We mtani," aliniita siku hiyo, amekaa juu ya gogo analichonga kwa tezo. "Huku ni tambarare. Pita taratibu, usije ukaanguka. Hujazoea."

"Na wewe tua huo mzigo kichwani," nikamjibu.

"Mzigo gani?"

"Aa, samahani. Kumbe ndicho kichwa chenyewe."

Akaweka tezo chini, akacheka mpaka akashika mbavu. Wenzangu wa shule waliokuwa nyuma yangu walinyamaza kwa woga, maana yule ni mtu mzima, ana mvi, na mimi sikuwa hata nimempa shikamoo. Hawakujua. Wao ni wana wa watu wa pwani na wa askari, hawana utani na Wanyamwezi. Mimi ninao, nimezaliwa nao kama nilivyozaliwa na pua. Mtani wako utamtukana, utamkejeli kwenye msiba wa mama yake, utaingia kwake umbebe kuku wake, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye mwenye kosa. Akikitaka kitu chake atakikomboa kwa kufanya utakalomwambia, kisha mnakula pamoja. Ndivyo ilivyo, na hakuna mtu wa huku anayehitaji kufundishwa.

Mimi nilidhani naujua kuliko wote.

Daraja lenyewe ni la kuinuliwa. Wasiolijua niwaeleze. Mfereji mkubwa unatoka mto Morogoro, unapita katikati ya mji, kati ya soko na barabara ya bomani, unakwenda kumwagilia bustani za Wadachi wanaotutawala. Siku za kiangazi una maji ya kuoshea miguu. Masika, mlima unautapikia kila kitu: magogo, migomba mizima na mikungu yake, mawe, siku moja hata kitanda. Daraja likikaa pale chini takataka zote zinakwama, maji yanapanda, na soko linaogelea. Kwa hiyo daraja lina bawaba upande wa soko na minyororo upande wa pili. Minyororo inapanda juu ya nguzo mbili, inapita kwenye kapi, inashuka nyuma hadi kwenye kasha kubwa lililojaa mawe. Ni kama mizani ya dukani: ukivuta kasha chini, daraja linapanda juu. Likishapanda, unapitisha komeo la chuma kwenye tundu la nguzo, juu ya kasha, lisiweze kurudi. Komeo hilo ni chuma kimoja tu, urefu wake toka kiwiko mpaka ncha za vidole. Bila hilo hakuna daraja.

Lile la zamani lilikuwa limezeeka. Mchwa walikula mbao, kutu ikala minyororo, na masika iliyopita waliposema liinuke lilitoa mlio kama mbuzi anayechinjwa na likabaki palepale. Tope liliingia sokoni mpaka magotini, vikapu vya nyanya vikaenda zake bomani bila kubebwa na mtu. Bwana wa mifereji, Mdachi mrefu mwekundu, akatoa amri: lijengwe jipya kabla ya mvua. Fundi akapewa kazi, na sisi wa shule ya serikali tukapewa mawe. Asubuhi mbili kila juma tuliacha hesabu tukaenda mtoni kuokota mawe ya kujazia kasha. Mwalimu alisema hiyo pia ni elimu. Nikamuuliza mtihani wake utakuwaje, tutabeba jiwe gani. Hapo nilipata vinne.

Ndipo nikamzoea fundi. Nilikuwa natupa jiwe langu kashani upesi, kisha nakaa naye tukatukanana huku anapiga randa. Magogo yake yalikuwa ya mvule, yameshushwa mlimani na watu wa kwetu, na kila gogo lililokuwa limepinda alisema hilo nalo ni Mluguru. Alinifundisha kushika patasi. Alinionyesha shingo yake pia, siku moja jua lilipokuwa kali na amevua fulana. Kwa nyuma ilikuwa na nundu, ngumu kama goti.

"Gusa," akasema. "Hiyo ni pembe za ndovu za watu wengine. Toka kwetu mpaka pwani, mara kumi na moja. Halafu reli yao, mataruma ya kulazia vyuma. Sasa sikiliza, mtani. Bwana amesema daraja likiinuka vizuri mbele yake, nitakaa mimi kulilinda. Nitajengewa kibanda pale. Kazi yangu kuvuta mnyororo mvua ikija, na mvua isipokuja, kukaa tu. Kukaa! Sibebi tena kitu mimi."

"Utabeba uvivu."

"Huo nitaubeba kwa furaha."

Nayaandika haya ili ijulikane kwamba nilijua. Sitaki mtu aje anitetee kwamba nilikuwa mtoto, sikujua daraja lile ni nini kwake. Aliniambia mwenyewe, na nikaigusa shingo.

Kabla ya siku ya Bwana kuja kulikagua daraja, fundi alinipiga utani mmoja mkubwa. Niliingia mfereji kuoga, nikaacha kanzu na kofia juu ya jiwe. Nilipotoka, vitu vimeondoka. Fundi yuko juu ya nguzo anagonga misumari, na kanzu yangu ameivaa kichwani kama kilemba.

"Hiyo ni yangu!" nikapiga kelele, nimesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na akina mama wa sokoni wanatazama.

"Ikomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mkungu wa ndizi wa Kinole. Ulete wewe mwenyewe, kwa mguu wako huohuo."

Niliondoka pale nimejifunga jani la mgomba, nikapita mtaa wote wa Mwembesongo mpaka kwa mjomba ninakokaa, watoto wadogo wananifuata wakiimba. Juma lililofuata nikaenda Kinole kwa mama, nikarudi na mkungu begani, mteremko mzima, na tukaula pale darajani mimi na yeye na nusu ya soko. Sijawahi kucheka namna ile. Nikamwambia, "Ngoja. Na mimi nitakukamata."

"Utanikimbiza na mguu upi?"

Basi ikaja siku ya mwisho ya kazi. Kesho yake Bwana angekuja saa tatu asubuhi, daraja liinuliwe mbele yake, na sisi wa shule tusimame mstari tuimbe wimbo wa Kidachi ambao hatuujui maana yake. Alasiri hiyo fundi alitawadha kwa maji ya mfereji, akatandika mkeka nyuma ya nguzo, akasimama kusali. Vifaa vyake vimepangwa juu ya gunia: tezo, randa, nyundo, na komeo jipya, limepakwa mafuta, linang'aa. Mimi nimekuja kumtukana kidogo kabla ya kwenda nyumbani. Nikamkuta yuko kwenye sijida.

Nilichukua. Paji lake la uso likiwa chini, nilinyanyua komeo, nikaliingiza ndani ya kanzu, nikaenda zangu bila haraka, nikijisifu moyoni kwamba hakuna mtani aliyewahi kumkamata mtani hivi tangu dunia iumbwe. Hesabu yangu ilikuwa hii: asubuhi atahangaika, atatafuta, mimi nitatokea saa mbili na shule, nitamwimbisha mbele ya soko lote, nitampa komeo lake, Bwana atakuja saa tatu, daraja litapanda, tutacheka mpaka mwaka kesho.

Asubuhi nililifunga pajani kwa kamba, chini ya kanzu. Kumbe chuma kirefu kinafika mpaka chini ya goti. Sikuweza kukunja mguu. Nikatembea kutoka Mwembesongo nikichechemea, na wenzangu wakacheka wakidhani naigiza utani wa fundi. Na mimi nikazidisha.

Tulipofika, fundi alikuwa amepiga magoti anachakura vumbi chini ya nguzo. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, mpya au ya kuazima sijui, na magotini imeshachafuka. Alikuwa amefungua gunia lake lote. Amewauliza wauza samaki, amewauliza wafagiaji. Aliinua macho akaniona nakuja nachechemea, akaanza kucheka kwa mazoea.

"Mtani, naona leo mguu umezidi ku..."

Akaangalia mguu. Akaja karibu, taratibu, akasema kwa sauti ya chini, "Nipe."

"Nini?"

"Umenipata. Nimekubali. Nipe."

"Kukubali tu hakukomboi. Imba."

"Mtani, leo siyo..."

"Imba! 'Mimi ni punda wa Waluguru.' Mara tatu."

Akageuka akatazama barabara ya bomani. Haikuwa na mtu. Mwalimu alikuwa mbele anapanga wadogo kwa vimo, asitusikie. Fundi akajifuta jasho, akaimba. Aliimba kweli. "Mimi ni punda wa Waluguru," lakini kwa chini sana, kama mtu anayesoma dua.

"Sauti!" nikamwambia. "Soko halijasikia."

Hapo, pale aliposema "mimi ni punda" kwa sauti ya chini vile, ndipo ningeweza kufungua kamba. Mkono wangu ulikuwa huru. Bwana alikuwa hajatokea. Nimekaa na jambo hili siku nyingi na kila nikilirudia naona palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kufungua kamba mbili, au hata tatu. Lakini wenzangu walikuwa wameanza kugeuka kutazama, na mimi nikiwa na watu wanaonitazama huwa siachi.

Fundi akavuta pumzi, akaimba kwa sauti. Wauza samaki wakageuka. "Mimi ni punda wa Waluguru!" Soko likaangua kicheko. Mara ya pili. Anaingia mara ya tatu, tukasikia kwato.

Bwana alikuja saa mbili na robo. Sijui kwa nini. Labda saa yake, labda chai haikuwa tamu. Alikuja juu ya nyumbu, askari wawili nyuma yake, akamkuta fundi wa serikali amesimama mbele ya mtoto wa shule anaimba kwamba yeye ni punda. Alionyesha daraja kwa fimbo tu.

Fundi alinitazama mara moja. Mimi nikatazama mbele, kama wote tulivyofundishwa. Akakimbia. Nikamwona anaokota nyundo, anaivunja mpini kwa kuipiga kwenye jiwe, anauchonga ncha kwa tezo mara mbili, mara tatu. Wasaidizi wake wakavuta kasha. Daraja likapanda, jepesi, bila hata kulia, likasimama wima kama mlango wa mbinguni, jipya, lina harufu ya mvule. Fundi akapitisha mpini kwenye tundu. Watu wakapiga makofi. Bwana akaitikia kwa kichwa mara moja, akasogeza nyumbu ukingoni kabisa atazame bawaba.

Mpini ulikatika kwa mlio mdogo tu. Kasha likaruka juu, mawe yetu yakamwagika, na daraja likaanguka zima zima kwenye ukingo wa pili kwa kishindo kilichorusha kunguru wote wa soko. Nyumbu akasimama kwa miguu ya nyuma. Bwana hakuanguka, lakini kofia yake nyeupe iliruka, ikatua kwenye mfereji, ikaanza safari ya kwenda bustanini peke yake.

Nilicheka.

Mimi ndiye niliyeanza. Sitamsingizia mtu. Ilitoka tu, kubwa, kabla sijajua, na shule nzima ikanifuata, na nyuma yetu soko. Yaani mbele ya watu wote hao, siku ambayo fundi alikuwa anaingojea kwa shingo yake, kicheko cha kwanza kilikuwa cha mtani wake mwenye komeo pajani.

Bwana alingoja tunyamaze. Ilichukua muda. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula, "Komeo la chuma liko wapi?"

Fundi alikuwa bado ameshika kipande cha mpini. Akatazama mstari wetu. Hakunitazama usoni, alitazama mguu. Nikakaza goti, na chuma kilikuwa kimepata joto la mwili, nikahisi kama kinachoma kanzu na kila mtu anakiona.

"Nimelipoteza, Bwana," akasema.

"Umepoteza?"

"Nimelipoteza mwenyewe. Ni uzembe wangu."

"Viboko hamsa ishirini," Bwana akasema, akageuza nyumbu.

Walimpiga hapohapo, wamemlaza juu ya mbao za daraja lake, wamevua ile kanzu nyeupe. Mwalimu alichanganyikiwa; alikuwa ameambiwa sisi tuimbe daraja likishashuka, na daraja lilikuwa limeshashuka, basi akainua mkono, tukaimba. Ule wimbo una beti nne. Nilifungua mdomo kama wengine. Sikuweza kuhesabu viboko kwa sababu ya wimbo, na baadaye nikajiambia afadhali, kisha nikaona aibu ya kujiambia hivyo. Kazi ya kulinda daraja alipewa mtu wa bomani, mpwa wa askari, ambaye hajui bawaba na kapi.

Nilirudi nyumbani nachechemea vilevile. Sikuthubutu kulifungua komeo njiani.

Mjomba aliliona komeo siku ya pili yake, chini ya mkeka wangu. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo aibu yangu ni ya mjomba kabla haijawa ya mtu mwingine. Sikumficha. Nilimweleza yote, nikaongeza na ule utetezi niliokuwa nimeuandaa: "Lakini mjomba, ni utani. Mtani haibi."

Aliligeuza komeo mikononi muda mrefu.

"Mtani haibi, kweli," akasema. "Ndiyo maana hakukutaja. Angekutaja kwa Mdachi angekuwa amempeleka mtani wake kwa mgeni. Yeye kalinda upande wake. Wewe upande wako ulikuwa upi?"

Nikaanza kuchomoa ukindu wa mkeka.

"Alipokuomba mara ya kwanza, alicheka?"

"Hapana."

"Basi utani ulikuwa umeisha hapo. Kilichobaki ulikuwa unakifanya peke yako."

Nikasema nitakwenda bomani nikaseme ukweli. Nilisema kwa sauti ya ushujaa kidogo, nikingoja anikataze, na nadhani alijua. Akasema, "Nenda kwanza kwa mwalimu wako." Nikaenda. Mwalimu alinisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu anijue hakushika fimbo. Akafunga mlango wa darasa.

"Ukimwambia Bwana leo," akasema, "atakuuliza fundi alijua au hakujua. Utasemaje?"

"Alijua."

"Basi alimdanganya Bwana mbele ya askari. Kwa uongo watampiga tena, na mgongo wenyewe ndio ule. Ulipaswa kusema pale pale, ulipoulizwa. Sasa kaa nalo."

"Nikae nalo mpaka lini, mwalimu?"

"Sijui," akasema. "Mimi ndiye niliyewaimbisha."

Jumapili mjomba alinipeleka kwa fundi. Anakaa Mwembesongo hapohapo, nyumba ya tatu toka kwenye kisima, ana mke na binti mdogo. Nilibeba mkungu wa ndizi na kuku na komeo limefungwa kwenye jani. Fundi alikuwa amelala kifudifudi barazani, mgongoni amepakwa dawa ya majani. Mjomba, kabla hata ya hodi, akafyatuka:

"We mbeba mizigo! Leo umelala kama mzigo wenyewe! Nikubebe?"

Mkewe akashika mdomo. Mimi nikatamani ardhi inimeze. Lakini fundi akainua kichwa, akacheka, kwa maumivu lakini akacheka. "Ungenibeba wapi, na mguu wako huo? Utaniangusha kwenye tambarare!" Wakaendelea hivyo, mmoja huku, mmoja kule, na kila tusi lilikuwa kama mtu anayefungua dirisha. Nikapumua. Nikajua mambo yamekwisha. Nikasogea mbele na vitu vyangu, nikatafuta tusi zuri, nikalipata, nikasema, "Mtani, nimekuletea dawa ya nundu."

Fundi akageuza uso kwangu.

"Karibu, bwana mdogo," akasema. "Habari za shule?"

Nilibaki nimesimama.

"Nzuri," nikasema.

"Mama hajambo huko Kinole?"

"Hajambo."

"Tunashukuru kwa ndizi. Weka hapo. Na hilo, ahsante, ulipeleke darajani, linahitajika. Binti, mpe mgeni kiti."

Mgeni. Mjomba alitazama pembeni. Nilikaa kwenye kiti kile nikapewa maji kwenye kikombe kizuri, na hakuna aliyenitukana mpaka tukaondoka. Nimepigwa na mwalimu, nimepigwa na mjomba, nimewahi kupigwa na padri mmoja mlimani kwa kuiga sauti yake. Hakuna kilichoniumiza kama kile kikombe.

Tangu hapo ndivyo anavyonifanya. Nikipita karakana yake, anatengeneza milango sasa, ananiamkua vizuri, ananiuliza hali. Nilijaribu kila njia. Nilimwambia milango yake imepinda kama Waluguru. Akasema, "Utaniwia radhi, bwana mdogo, nitairekebisha." Siku moja nilimwachia kofia yangu makusudi juu ya gogo, mahali pa wazi kabisa, nikajificha. Alituma mtu akaniletea nyumbani, imefutwa vumbi.

Masika ikaja. Ilikuwa mchana, tuko darasani, tukasikia mfereji unanguruma. Mwalimu akatuachia tukakimbia. Maji yalikuwa yamefika kwenye mbao, gogo la kwanza limeshajigonga, na yule mpwa wa askari anavuta mnyororo mmoja tu, ule wa kushoto, daraja limeinama upande kama mlevi. Akina mama wakawa wanabeba vikapu kichwani na kupiga kelele, "Mwiteni fundi! Mwiteni fundi!"

Alikuja mbio kutoka Mwembesongo, kanzu ameifunga kiunoni. Hakumuuliza mtu. Akampangua mpwa wa askari, akashika mnyororo wa kulia, na mimi nikajikuta nimeshika wa kushoto, kwa sababu niliujua. Nilikuwa nimekaa pale miezi yote ile akitengeneza. "Pamoja," akasema, "moja, mbili." Tukavuta. Wengine wakadandia kasha kwa uzito wao. Daraja likapanda, likachuruzika tope, gogo likapita chini yake, kisha mgomba, kisha jingine.

"Komeo," akasema, bila kutazama.

Lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wake, pale nilipolitundika tulipotoka kwake. Nililichukua nikampa mkononi. Akalipitisha kwenye tundu, likaingia, likakaa.

Tulisimama pale ukingoni, tunahema, mvua inatupiga. Karibu naye hivyo sikuwa nimesimama tangu siku ile. Nikaona amegeuka kidogo, anatazama miguu yangu ndani ya tope. Nikakunja goti la kushoto, nikauinamisha mwili upande mmoja, mguu mmoja mfupi kabisa, waziwazi, mbele yake, nikangoja. Aliona. Najua aliona, maana mdomo wake ulianza kitu.

"Simama vizuri, bwana mdogo," akasema. "Hapa panateleza."

Nikasimama vizuri.